Waulize Mafundi: Umeme wa Maji Kujaa na Kupwa

SWALI: Mhariri, shikamoo. Barafu inatumalizia faida ya samaki. Tumesikia Wafaransa wanapata umeme kwa kuzuia maji ya bahari kwa ukuta. Karibu nasi kuna hori (mkono mdogo wa bahari) la mikoko, hekta 1 hivi. Tukiziba mlango wake, tutapata umeme wa kutosha?
Katibu wa kikundi cha wavuvi, Kigamboni

JIBU: Marahaba. Ukuta huo uko mto Rance, na umezalisha umeme tangu 1966, megawati 240. Kule bamvua kubwa (siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapojaa na kupwa sana) hupanda zaidi ya mita 13. Hapa Dar es Salaam bamvua ni mita 3 na ushei, na maji mafu (siku za kati ya bamvua, maji yanaposogea kidogo) ni kama mita 1. Nguvu ya maji yaliyozuiwa hufuata mraba wa kimo, kwa hiyo kimo kikishuka mara tatu, umeme hushuka mara tisa.

Hekta 1 ikimwagwa kutoka mita 3 ina kilowati-saa 125 kwa hesabu ya karatasi. Mtambo ukivuna theluthi, mnabaki na 40 hivi kila maji yanapokupwa, mara mbili kwa siku. Mashine ndogo ya barafu hula 80 au zaidi kwa tani. Kwa hiyo siku za bamvua mngepata kama tani 1, na siku za maji mafu kilo 100 tu. Ukuta hauwezi kulipwa na mapato hayo. Tena mikoko hufa mizizi yake ikifunikwa na maji muda wote, na ndiyo malezi ya kamba mnaowavua. Inalindwa kisheria. Tafadhali msizibe.

SWALI: Na mkondo wenyewe, bila ukuta? Kwenye mlango wa hori letu unavuta kweli. Tutajuaje kama unatosha?
Nahodha, Kunduchi

JIBU: Pimeni kabla ya kununua hata boliti moja. Simikeni miti miwili umbali wa mita 20 kufuata mkondo. Chukueni chupa ya plastiki ya lita 1.5, ijazeni maji mpaka karibu na shingo ili upepo usiisukume, mfunge kitambaa chekundu, kisha iachieni kabla ya mti wa kwanza, upande mkondo unakotoka. Hesabuni kwa simu sekunde za kutoka mti wa kwanza hadi wa pili. Ikitumia sekunde 20, mkondo ni mita 1 kwa sekunde. Sekunde 10, ni mita 2. Rudieni kila nusu saa tangu maji kupwa hadi kujaa, siku za bamvua na siku za maji mafu. Pimeni asubuhi, upepo ukiwa bado umelala.

Msiishie kwenye kipimo kimoja cha bamvua, maana hapo ndipo watu wengi hudanganyika: mkondo ukipungua nusu, umeme hubaki moja ya nane. Mtambo wenye mapanga yanayozungushwa na maji, ya kipenyo cha mita 2, penye mkondo unaofikia mita 1 kwa sekunde, hutoa kama wati 480 kwenye kilele na sifuri maji yanapogeuka. Kwa siku nzima ya bamvua ni kilowati-saa 5 hivi, zinazotosha friza mbili na taa kadhaa. Maji mafu, kasi ikibaki nusu, hata friza moja haiendi. Mkondo ukifika mita 2 kwa sekunde, umeme ni mara nane, na hapo kuna biashara. Chini ya mita 1, fedha yenu iwekeni kwenye sola.

Pimeni na kina maji yakiwa yamekupwa kabisa: mapanga ya mita 2 yanataka angalau mita 3. Na msifikirie mlango wa bandari pale Magogoni, hata kama mkondo unavutia. Ni njia ya meli na vivuko.

SWALI: Mawimbi je?
Mwanafunzi wa ufundi, Temeke

JIBU: Mawimbi mchanganyiko ya bahari, makubwa yake yakiwa kama mita 1 na yakipita kila sekunde 7, hubeba kama kilowati 3.4 kwa kila mita ya upana. Ya nusu mita kila sekunde 5, kilowati 0.6 tu. Kusi likivuma mna kitu, likitulia hamna. Mutriku, Hispania, mtambo umejengwa ndani ya ukuta wa bandari. Hiyo ndiyo njia ya busara: ukuta ukijengwa kwa sababu nyingine, umeme uwe nyongeza.

SWALI: Tukifunga mtambo wa mkondo, kipi kitaharibika kwanza?
Fundi wa injini za boti, Msasani

JIBU: Sili ya shafti, yaani kizuizi cha maji pale mhimili unaozunguka unapoingia kwenye jenereta. Nyuzi za nyavu na mifuko hujisokota hapo, maji ya chumvi yakaingia kwenye jenereta. Kwa hiyo ning'inizeni mtambo chini ya chelezo cha mapipa, wenye winchi ya kuunyanyua, msihitaji mzamiaji. Kwanguani viumbe vilivyogandama kila bamvua, kwa sababu mapanga yenye magamba hupoteza nguvu haraka. Boliti za chuma cha pua zisigusane na aluminiamu bila kizuizi, la sivyo aluminiamu italiwa. Fungeni vipande vya zinki ili viliwe badala ya mtambo, mvibadilishe vikiisha nusu. Kamba za nanga zikaguliwe pale zinaposugua chelezo, hukatikia hapo.