Je, ganda la ndizi huangusha kweli?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nauza ndizi mbivu stendi, Bukoba. Mwenzangu anabisha kwamba ganda kumwangusha mtu ni mambo ya katuni tu. Kuna aliyewahi kupima?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wamepima. Mwaka 2012, Kiyoshi Mabuchi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kitasato, Japani, walitandika ganda juu ya linoliamu (zulia laini la plastiki la sakafuni) yenye kifaa cha kupimia nguvu chini yake, wakalikanyaga kwa kiatu. Kipimo cha msuguano kikatoka takriban 0.07, sawa na vitu vilivyolainishwa vizuri kwa mafuta! Mwaka 2014 wakapewa tuzo ya Ig Nobel ya fizikia, ile tuzo ya utani kwa utafiti unaochekesha kwanza, kisha ukafikirisha.

Menya ndizi moja sasa hivi, ubonyeze upande wa ndani wa ganda kwa kidole gumba. Utaona ute. Ndani mna vifuko vidogo vya utomvu mzito. Uzito wa mguu huvipasua, na hapo ndipo mtu anapoteleza.

Mimi sihitaji hata kubishana. Niliteleza mlangoni pa soko, kifundo kikavimba wiki mbili, nikawa napanda ngazi kwa kushika ukuta. Basi weka ndoo ya maganda kando ya meza yako, hasa upande wanakoshukia wazee.