Kabla Hujabadili Springi za Distributa

Pistoni ya kwanza niliyoitoboa kwa ujuaji wangu ilikuwa ya Land Rover 109 ya petroli, ile ya silinda nne, cc 2,286. Mzee mwenye gari alilalamika kwamba linapanda mlima kwa uvivu. Nikafungua distributa, kile kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi, nikatoa springi zote mbili, nikaweka mbili nyembamba nilizozichomoa kwenye distributa mbovu, nikawahisha taimingi (wakati cheche inapopigwa) kidogo juu yake. Pale Arusha gari liliruka kama jipya. Mzee akanilipa na soda akaninunulia. Wiki ileile akapakia magunia ya maharage kwenda Tanga, na kabla hajafika Mombo pistoni moja ilikuwa na tundu la kuingia kidole.

Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, silinda inavuta kidogo, na injini inavumilia cheche iliyowahi. Ukiteremka hewa inakuwa nzito, joto linaongezeka, na taimingi ileile iliyokuwa tamu mlimani inaanza kugonga, yaani petroli inalipuka yenyewe vibaya ndani ya silinda. Mlio wake ni kama changarawe zinazotikiswa kwenye kopo. Mzee aliusikia, akadhani ni mnyororo wa kufungia mzigo.

Nawaandikia ninyi mnaoanza gereji na mnaopenda magari ya zamani. Kubadili distributa ili injini iwe na nguvu ni kazi nzuri na haihitaji fedha nyingi. Ila wengi huanzia mwisho, kama mimi.

Kwanza elewa distributa inachofanya. Petroli haiungui papo hapo, inahitaji muda, na muda huo haupungui sana hata injini ikienda mbio. Kwa mizunguko 800 kwa dakika, krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) husogea karibu digrii 5 tu katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa mizunguko 3,000 husogea digrii 18. Kwa hiyo cheche lazima iwahi zaidi kadiri mwendo unavyopanda, na kazi hiyo hufanywa na vile vyuma viwili vizito vilivyo ndani ya distributa, chini ya sahani ya pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche ipigwe). Vinapotanuka vinazungusha mbele kamu, ile sehemu inayofungua pointi, springi zinavirudisha.

Sasa tazama kwa makini zile springi za distributa za Lucas, kampuni iliyotengeneza nyingi za magari haya. Moja ni nyembamba na imekaza. Nyingine ni nene, na kitanzi chake ni kirefu, inachezacheza kwenye pini yake. Kila kijana ninayemfundisha huiona hiyo ya pili akasema, "Fundi, hii imelegea, tuikaze." Haijalegea. Nyembamba inashika peke yake mwanzoni ili cheche iwahi haraka, kisha vyuma vikifika mahali fulani nene nayo inaingia kazini na kupunguza kasi ya kuwahi. Ukiweka nyembamba mbili, unaifuta ile hatua ya pili. Cheche inafika mwisho wa kuwahi mapema mno, injini ikiwa bado na mizunguko michache na mzigo mzito. Hapo ndipo nilipoiua pistoni ya mzee.

Kabla ya springi, shika shafti ya distributa uisukume upande. Ikicheza, acha mengine yote. Pointi za Lucas zinataka nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40, na shafti inayoyumba inaibadilisha nafasi hiyo kila mzunguko, hivyo hata taimingi inayumba. Peleka kwa fundi wa kukereza akutengenezee bushi ya shaba, uiloweke kwenye oili ya injini siku nzima kabla ya kuipachika. Vyuma vizito navyo visafishe, maana mara nyingi vimeganda kwa kutu. Nimewahi kurudishia gari nguvu zake zote kwa matone matatu ya oili chini ya rota. Mwenyewe hakuamini, na ilinibidi nimtoze kidogo kuliko nilivyotaka.

Halafu pima. Puli ya krenki yenye kipenyo cha milimita 150 ina mzingo wa milimita 471, kwa hiyo kila digrii ni milimita 1.3, na digrii 30 ni milimita 39. Chora alama kwa rangi nyeupe, chomoa mpira wa vakyumu (kifaa kinachovuta sahani ya pointi kwa mvuto wa hewa ya injini ili cheche iwahi zaidi) uuzibe, washa taa ya taimingi, uandike cheche iko wapi kwa mizunguko 800, 1,500, 2,000, mpaka namba isipopanda tena. Usimsomee mteja namba kutoka kichwani.

Hesabu inayowapoteza wengi ni hii: distributa inazunguka nusu ya mwendo wa krenki. Namba 12 iliyogongwa ndani yake, ambayo ni kikomo cha vyuma kuwahisha cheche, maana yake ni digrii 24 kwenye krenki. Tuseme mwanzo wako, yaani cheche ilipo kabla vyuma havijatanuka, ni digrii 6. Jumla ni 30. Ukitaka injini iitikie haraka kwa mizunguko michache, ukaisogeza mwanzo hadi 12, jumla inakuwa 36, na kwa injini nyingi za umri huo hiyo imezidi. Inabidi upunguze kule juu, kwenye mizunguko mingi. Pale kamu inapogonga kizuizi unaongeza nyama kidogo kwa kuchomelea shaba, unaipiga tupa polepole mpaka ibaki digrii 10 za distributa. Sasa 12 na 20 ni 32. Mwanzo umepata, mwisho hujaharibu. Mimi naliona hilo ndilo badiliko lenye faida kuliko yote, na gharama yake ni jioni moja.

Vakyumu msiitupe. Naona vijana wanaiondoa kwa sababu magari ya mashindano hayana. Gari la mjini linalotembea mguu mwepesi linaihitaji, la sivyo litakunywa mafuta. Ijaribu kwa kuvuta hewa kwa mdomo kwenye kibomba chake, kisha uzibe kwa ulimi. Sahani ya pointi ikirudi yenyewe, mpira wa ndani umepasuka.

Vifaa vya elektroniki vya kuwekwa badala ya pointi ni vizuri, nami navifunga. Lakini haviongezi digrii hata moja. Vyuma vilivyoganda vinabaki vimeganda. Hakikisha koili (inayokuza umeme wa cheche) inakubaliana na kifaa, usiache swichi imewashwa injini imezima, na pointi za zamani na kondensa zibaki garini kama akiba.

Mwisho jaribu kwenye hali mbaya kabisa: mzigo, mlima, jua la saa nane, gia ya tatu. Sikiliza. Na kama gari litateremka pwani, mwoneshe mwenyewe kile kifundo kidogo cha kuzungusha kwa vidole kwenye distributa ya Lucas aina ya 25D4, chenye herufi A na R. A inawahisha, R inachelewesha. Yule mzee bado anasafiri kwenda Tanga. Huwa anasimama Same kunywa chai, anafungua boneti, anazungusha kuelekea R huku akihesabu midundo ya kifundo kwa sauti, kisha ananipigia simu kuniambia ni mingapi.