Kiboko amepotea, kiboko kimepotea

Mwezi uliopita kijana mmoja aliyeingia juzi tu katika kazi yetu ya kuongoza watalii alikuja kwangu, hapa Arusha, kuazima kitabu cha sarufi ya Kijerumani. “Kaka, nimeambiwa mwenye Kijerumani ndiye anayepata safari ndefu,” alisema. Nikampa kitabu. Kabla hajanyanyuka nikamuuliza: ukisema “kiboko amepotea” na ukisema “kiboko kimepotea”, umesema jambo moja?

Akacheka. “Hapana, kaka. Aliyepotea ni mnyama. Kilichopotea ni cha kuchapia.”

Nikamuuliza amefundishwa na nani. Hakumbuki kufundishwa. Nikamwambia basi sarufi anayo tayari, ila hajawahi kuitazama usoni, na ninamwomba aitazame kwanza hiyo kabla ya kufungua kile kitabu. Alikuwa na haraka, hatukuongea sana. Kwa hiyo namwandikia hapa, yeye na wenzake wote walio kwenye safari hiyo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Kiarabu nilikianza chuoni, yaani madrasa, Kiingereza nikakikuta shuleni, Kijerumani nikakisoma nikiwa mtu mzima ninayeendesha gari la porini, na Kifaransa kidogo baadaye. Kote huko kilichonichelewesha ni jambo moja. Nilidhani nomino ya lugha moja lazima iwe nomino katika lugha nyingine, kivumishi kiwe kivumishi, kitenzi kiwe kitenzi, na kazi yangu ni kubadilisha neno kwa neno tu.

Chukua njaa. Kwa Kiswahili tunasema “nina njaa”. Njaa ni nomino. Tunayo, kama mtu anavyokuwa na homa au madeni. Mjerumani naye anayo: *ich habe Hunger*. Mfaransa vilevile: *j'ai faim*. Mwingereza anasema *I am hungry*, na hilo *hungry* ni kivumishi. Sasa kula mpaka utosheke. Utasema “nimeshiba”, na kushiba kwetu ni kitenzi. Mjerumani atasema *ich bin satt*, kivumishi. Tazama hapo: sisi wenyewe, ndani ya lugha moja, njaa tumeiweka kwenye nomino na shibe yake tukaieleza kwa kitenzi. Tumbo ni lile lile.

Nilipokuwa kidato cha kwanza niliandika *I have tired*. Mwalimu akapitisha kalamu nyekundu bila kueleza, na mimi nikaendelea kulirudia kosa hilo kwa muda mrefu, kwa sababu kwa akili yangu halikuwa kosa. Nilikuwa nimefundishwa kwamba “nimesoma” ni *I have read*. Basi “nimechoka” ingekuwa nini tena? Ambacho sikuambiwa ni kwamba Kiswahili kinatumia kitenzi chenye *-me-* kueleza hali ambazo Kiingereza kinazieleza kwa kivumishi: amechoka, amekasirika, amelewa, kikombe kimevunjika, nguo zimelowa. Vivumishi vyetu vya asili, vya mfano wa *-refu*, *-zuri* na *-baya*, ni vichache, na sehemu kubwa ya kazi ya kuelezea hali tumevipa vitenzi. Tukihitaji zaidi tunasema “maji yaliyochemka”, “mtu mwenye huruma”, “neno la maana”, na lugha inakwenda bila tatizo lolote.

Wageni wanaojifunza Kiswahili hujikwaa pale pale wakitokea upande wa pili. Mama mmoja Mwingereza aliwahi kuniambia, tukiwa Tarangire saa saba mchana, “mimi ni njaa”. Nilimwelewa mara moja. Alikuwa akitafuta kivumishi mahali ambapo sisi hatujaweka kivumishi. Nilimfundisha “nina njaa” na “nimeshiba” kwa pamoja, kama jozi, na tangu siku ile sijawahi kumfundisha mgeni yeyote moja bila nyingine.

Jambo la pili lilinisumbua tangu utotoni. Chuoni maalimu alitufundisha kwamba maneno yote ni ya aina tatu: ismu, fiili na harfu. Shuleni nikaambiwa aina ni nane: nomino, viwakilishi, vivumishi, vitenzi, vielezi, vihusishi, viunganishi na vihisishi. Nilikuwa na miaka kumi hivi, nikaamini kwamba mmoja kati ya walimu wangu amekosea, na sikuthubutu kuuliza.

Hakuna aliyekosea. Hesabu ya nane ina asili yake kwa Wagiriki na Warumi, na Wazungu walioandika sarufi za Kiswahili katika karne ya 19 walikuja wakiwa na jedwali hilo kichwani. Wataalamu wa Kiarabu waliigawa lugha yao kwa jicho jingine. Kwao kivumishi kinaingia katika ismu, kwa kuwa mwisho wake hubadilika sawasawa na nomino inayofuatana nayo. Hata neno “sarufi” tumelitoa kwao: *sarfu* kwao ni elimu ya maumbo ya maneno, na *nahau* ni elimu ya jinsi maneno yanavyoungana katika sentensi. Sisi tukalipa la kwanza elimu nzima, na la pili leo wengi tunalijua kwa misemo tu.

Kiarabu hicho hicho kilinifundisha kutoogopa pale neno linapokosekana. *Al-waladul-kabiru* ni “mtoto mkubwa”. *Al-waladu kabirun* ni “mtoto ni mkubwa”. Iko wapi “ni”? Haipo. Kazi ya “ni” imefanywa na kile *al-* kuondolewa kwenye neno la pili. Ukikaa unatafuta neno lenye maana ya “ni” utazeeka ukitafuta.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza “nyumbani” ni aina gani ya neno, ninamwomba kwanza anipe sentensi. “Ninakwenda nyumbani”: kielezi, kinajibu wapi. “Nyumbani kwetu kuna wageni”: hapo ndipo palipokaa kiima, na *ku-* ya “kuna” inapatana nacho. “Vizuri” nayo iko hivyo. Katika “vyungu vizuri” ni kivumishi, katika “anapika vizuri” ni kielezi, wala haikubadilika herufi hata moja. Mjerumani anafanya hivyo kwa *gut*. Mfaransa hakubali, atataka *bon* kwa chungu na *bien* kwa mpishi. Maneno ni kama watu wa nyumba moja: huyu leo anapika, kesho analinda mlango, na ukitaka kumjua unamtazama yuko kwenye kazi gani saa hiyo.

Sasa nirudi kwa kiboko, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wanapokata tamaa na Kijerumani. Wanakutana na *der*, *die* na *das*, maneno madogo yanayotangulia nomino ya kiume, ya kike na isiyo upande wowote, wanasema lugha hii haina akili. Kwa nini simba awe *der Löwe*, twiga *die Giraffe*, hata akiwa dume, na kiboko *das Flusspferd*? Mimi pia nililalamika. Kisha nikajiuliza mimi ninawaeleza nini wageni wangu. Kiboko ana umbo la KI-VI lakini tunasema “kiboko analala”. Kifaru, kipofu, kijana, wote wana *ki-* mbele na wote wanapatana na A-WA, kwa sababu ni viumbe hai. Kile cha kuchapia kimebaki na *ki-* yake. Ndege akiwa na manyoya “ametua”. Ndege yenye injini “imetua”. Walimu wetu ndiyo maana waliacha kupanga ngeli kwa umbo la nomino peke yake wakaanza kuzipanga kwa upatanisho: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI na kuendelea. Mtu anayebeba mfumo huo wote kichwani bila kuhisi uzito wake hawezi kushindwa na *der*, *die*, *das*. Ni ngeli tatu.

Na nyingine zina sababu, ukizichunguza. *Flusspferd* ni *Fluss*, mto, na *Pferd*, farasi. *Nashorn*, kifaru, mwishoni mwake kuna *Horn*, pembe. Katika Kijerumani neno la mwisho ndilo lenye mamlaka juu ya jina zima, na *Pferd* na *Horn* yote mawili huchukua *das*. Sisi mamlaka tumeyaweka mbele: mwanasheria ni mwana kwanza, sheria inafuata, na kwa hiyo ni A-WA. Nilipoliona hilo niliandika orodha ya wanyama wote wa mbugani upya, kila mmoja na neno lake la mbele, nikaacha kabisa kuandika nomino iliyo uchi. Nawe usiandike *Löwe*. Andika *der Löwe*. Kamusi zetu za Kiswahili sanifu zinafanya hivyo hivyo: ukitafuta nomino unakuta pembeni yake [a-/wa-] au [li-/ya-]. Wengi tunaruka mabano hayo, na ndimo sarufi ilimofichwa.

Somo gumu kuliko yote nililipata Serengeti. Tulikuta mzoga wa simba dume, na nyati wawili wamesimama mbali kidogo. Wageni wakauliza kilichotokea. Nilitaka kusema nyati alimuua simba, nikaanza na simba kwa sababu ndiye tuliyekuwa tunamtazama: *Der Löwe hat der Büffel getötet*. Wakatazamana. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole: nani kamuua nani? Porini lolote kati ya hayo mawili linawezekana, kwa hiyo hata akili ya kawaida isingemsaidia. Nilipaswa kusema *Den Löwen hat der Büffel getötet*. Ukisema *den Löwen*, hata akitangulia, kila Mjerumani anajua huyo ndiye aliyeuawa. *Der Büffel*, hata akikaa nyuma, ndiye muuaji.

Usiku ule kambini niliwaza sisi tunafanyaje. “Mti ule tembo ameung'oa”: mti umetangulia, lakini hakuna atakayedhani kwamba mti ndio uliomng'oa tembo, kwani *-u-* iliyo ndani ya kitenzi inauonyesha mti kuwa ndio uliotendewa. Sasa jaribu “nyati yule simba amemuua”. Wote wawili ni A-WA. *A-* inamfaa yeyote na *-mu-* inamfaa yeyote, kwa hiyo tunaegemea mpangilio na sauti ya msemaji. Kiswahili kina njia yake ya kuonyesha mtenda na mtendwa, na kina mahali ambapo njia hiyo inaziba. Nilielewa yambwa ya Kijerumani, yaani mtendwa wa sentensi, siku ile tu nilipoipata ya kwetu, na nilikuwa nimeshamaliza kozi mbili.

Vihusishi sitavisemea sana, isipokuwa hili. Mwingereza na Mjerumani wana vihusishi tele. Sisi tunavyo vichache, na kazi yake nyingi tumeiingiza tumboni mwa kitenzi. Hama ni kuondoka mahali, hamia ni kwenda kukaa mahali. Kimbia simba, kimbilia gari: kosea hapo uone. Kisu cha kukatia mkate. “Nitakuandikia” ni neno moja, na ndani yake kuna mimi, kuna wakati ujao, kuna wewe, kuna kuandika, na ile *-i-* ndogo inayosema ni kwa ajili yako. Anayetafsiri kutoka Kiswahili akitafuta neno la kila neno, hiyo *-i-* itamponyoka kila siku.

Kwa daftari ninashauri hivi. Acha safu mbili za maneno, hili kushoto na lile kulia. Chukua sentensi moja unayoitumia kweli kazini, iandike juu ya ukurasa kwa Kiswahili, na chini yake uiandike kwa kila lugha unayojifunza, kisha chora mstari chini ya sehemu inayofanya kazi ile ile. Mahali pengine mstari utakuwa chini ya neno zima, pengine chini ya silabi, pengine hakutakuwa na kitu cha kuchorea. Kurasa thelathini za namna hiyo zilinipa zaidi ya majedwali yote niliyokariri. Jedwali lina faida yake, lakini lisome baada ya kuwa na sentensi, liwe la kupanga ulichonacho.

Tangu mwaka jana nimeanza Kichina, maana wageni wake wanaongezeka. Nomino zake hazibadiliki umbo kwa umoja na wingi, lakini ukihesabu lazima uweke neno katikati. Tembo mmoja ni *yì tóu dàxiàng*, na *tóu* kwa kawaida ni kichwa. Gari lina neno lake, *liàng*. Nyoka anahesabiwa kwa *tiáo*, neno lile lile linalohesabu mto na barabara, vitu virefu vyembamba. Niliposoma hayo moyo ulitulia. Nilikuwa nimerudi kwenye ngeli.

Kijana wangu alikuja jana kurudisha kitabu. Daftari lilikuwa wazi mezani, ukurasa wenye “nina njaa” na jozi yake “nimeshiba” juu na lugha nyingine chini yake, na mwisho kabisa *wǒ è le*. Akaniuliza hiyo *è* ni nini. Nikamweleza kwamba ndiyo njaa, na kwamba mbele yake hakuna “kuwa” wala “kuwa na”, imekaa yenyewe kama kitenzi. Akautazama ukurasa kwa muda, akaweka kidole kwenye “nimeshiba”.

“Kumbe kwao, kaka, njaa iko upande huu.”