Maswali ya Wasomaji: “New York” ya kwenye tiketi ni bandari ipi?

SWALI

Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu ni wastaafu, wakazi wa Mbezi Beach hapa Dar es Salaam. Mwezi ujao tutakuwa kwa binti yetu anayeishi Bridgeport, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, na yeye na mumewe wametulipia safari ya meli ya kitalii ya siku saba kwenda Bermuda na kurudi. Tiketi inasema meli itaondoka New York siku ya Jumatano saa kumi jioni. Binti atakuwa kazini. Mkwe yuko tayari kutupeleka kwa gari, lakini sipendi kumpotezea siku nzima, na nimesikia kuwa treni ipo. Mzee anasema treni na masanduku manne havipatani. Tufanye lipi, na tutoke nyumbani saa ngapi?

Mama Mstaafu, Mbezi Beach

JIBU

Mama, shikamoo, na hongera kwa kupata binti na mkwe wa namna hiyo. Kabla ya kuamua kati ya gari na treni, ichukueni tena tiketi muitafute anwani ya bandari, kwa sababu neno “New York” kwenye tiketi za meli za kitalii linaweza kumaanisha mojawapo ya bandari tatu zilizo mbalimbali, ambazo zote hupokea meli za kwenda Bermuda, na moja kati yake haimo hata katika jimbo la New York. Sisi wa Dar es Salaam tumezoea kwamba boti za Unguja na pantoni ya Kigamboni viko katika ufuko mmoja, hivi kwamba aliyekosea geti anaweza kuliwahi la pili kwa miguu, akihema. Kule, aliyekosea bandari hutenganishwa na meli yake na maji pamoja na foleni ya magari.

Kama anwani inataja 12th Avenue na gati namba 88 au 90, bandari yenu ni ile ya Manhattan, kwenye ukingo wa Mto Hudson, na hapo ninakubaliana nawe kabisa: pandeni treni. Reli ya Metro-North inapita Bridgeport na kufika kituo cha Grand Central, katikati ya Manhattan, kwa muda wa karibu saa moja na nusu. Tofauti na treni yetu ya SGR, ambayo tiketi yake huonyesha behewa na namba ya kiti, hii haina viti vya kuwekewa. Mnakata tiketi, mnapanda, mnakaa palipo wazi. Ikateni kwenye mashine ya kituoni au kwenye simu kabla ya kupanda, kwa kuwa inayokatwa ndani ya treni huwa na bei ya juu zaidi. Vilevile, treni za siku za kazi zinazofika Grand Central kati ya saa kumi na mbili na saa nne asubuhi hutoza nauli kubwa, kwa sababu hizo ndizo zinazobeba wafanyakazi, nanyi hamna haraka ya kubanana nao.

Panda treni ya kama saa tatu na nusu asubuhi, nayo itawafikisha karibu saa tano. Kabla ya mwisho, treni nyingi husimama Harlem–125th Street. Watu wengi huteremka hapo, lakini ninyi bakini mmekaa. Mkishatoka Grand Central, chukueni teksi ya manjano ivuke kisiwa kuelekea magharibi hadi mtoni. Mkiiona meli ya kivita ya zamani, Intrepid, iliyofanywa makumbusho kwenye gati 86, jueni kwamba mmekaribia. Lipo pia basi linalovuka kisiwa, ila kwa masanduku hayo silipendekezi.

Kuhusu masanduku yenyewe, Mzee ana hoja, lakini mwenye kosa si treni. Watu wawili kwa siku saba wanatoshwa na masanduku mawili. Mengine mawili na yabaki Bridgeport.

Kama anwani inasema Pier 12, Red Hook, basi ni bandari ya Brooklyn. Treni ni ile ile hadi Grand Central, lakini teksi itakuwa na safari ndefu zaidi, kwa kuwa ni lazima ivuke maji, na eneo la Red Hook halina kituo cha treni ya chini ya ardhi kilicho jirani na gati. Ongezeni saa moja kwenye hesabu yenu.

Kama imeandikwa Cape Liberty, bandari hiyo iko Bayonne, katika jimbo la New Jersey, ng'ambo ya pili ya Hudson. Hapa ninabadilisha upande na kumuunga mkono Mzee: mkubalieni mkwe awapeleke. Atapita daraja la George Washington na kuingia barabara kuu ya New Jersey Turnpike hadi njia ya kutokea namba 14A. Asipopata nafasi, treni ya Amtrak inayotoka Bridgeport hupita New York bila ninyi kuteremka na kufika Newark, New Jersey, ambako mtakodi teksi hadi gatini; hiyo hukatiwa tiketi mapema. Kwenda Bayonne kwa kuungaunga treni za mjini kunawezekana, ila si kwa wastaafu wenye mizigo.

Kuacha gari bandarini kwa wiki nzima ni jambo ambalo nisingelifikiria, kwani maegesho hulipiwa kila siku.

Muda wa kuondoka meli usiwadanganye. Saa kumi ni wakati wa meli kuachia kamba, si wakati wa abiria kufika. Sheria ya Marekani inaitaka meli iwasilishe orodha kamili ya abiria angalau dakika 60 kabla ya kuondoka, kwa hiyo kampuni hufunga mapokezi mapema kuliko hapo. Fikeni saa sita mchana, au katika muda mliopangiwa kwenye hati zenu; mkikosa treni moja, bado mna nafasi ya kupanda inayofuata. Na kwa kuwa saa zao husomwa kama zilivyo kwenye mshale, “4:00 PM” ndiyo saa kumi yetu. Wapo waliokosa safari kwa jambo dogo kama hilo.

Gatini mtapokewa na mahamali wanaochukua masanduku na kuyapeleka melini, na huweza kupita saa kadhaa kabla hayajafika chumbani. Kwa hiyo pasipoti, dawa za Mzee na fedha vikae kwenye mkoba wa mkononi. Wekeni pia noti ndogo za bakshishi. Bermuda ni eneo lililo chini ya Uingereza, hivyo mkirudi mtakuwa mnaingia Marekani upya: angalieni leo, mkiwa bado Dar es Salaam, kama viza zenu ni za kuingia zaidi ya mara moja.

Siku ya kurudi meli hufunga gati asubuhi. Mkwe hana haja ya kuja New York. Awapokee kituoni Bridgeport.