Kisima chako, karo la jirani

Mvua za masika zikianza, maswali ya visima yanayonifikia hubadilika. Kiangazi watu huuliza kina, masika wanauliza harufu. Mengi yanatoka pembezoni mwa Dar es Salaam, kule kulikokuwa na mikorosho na leo kuna mageti: Chanika, Madale, Kitunda, Kigamboni, Toangoma. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 jiji hili limeongezeka watu kama milioni moja, na wengi wao wamejenga mahali ambapo bomba la maji safi linasuasua na bomba la maji taka halipo kabisa. Kila mmoja amechimba kisima chake, na kila mmoja amechimba karo lake la maji taka.

Kisima changu kina mita 11 na miaka yote maji yalikuwa matamu. Mwaka jana jirani mpya alichimba karo nyuma ya ukuta wetu, kama hatua kumi na mbili kutoka kisimani. Sasa mvua ikinyesha maji yananuka. Nimwambieje bila ugomvi? (Mama, Chanika)

Pole sana Mama. Kwanza, maji hayo msiyanywe mabichi tena, kuanzia leo. Yafulieni, yadekieni, lakini ya kunywa yachemsheni mpaka yatokote sawasawa.

Sasa tuje kwa jirani. Kanuni ambayo watu wa afya wanaitumia karibu duniani kote ni mita 30 kati ya kisima na shimo la choo, na kutoka kitako cha shimo hadi usawa wa maji ibaki angalau mita moja na nusu ya udongo mkavu. Chukua futi kamba upime kiwanja chako. Kama ni ishirini kwa ishirini, kama vilivyo vingi tulivyouziwa, kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili kwa mshazari ni mita 28 na kidogo. Maana yake, hata ukiweka kisima kona hii na karo kona ile ya mwisho kabisa, 30 hazipatikani. Na karo lako wewe, Mama, liko wapi? Sikusuti. Nauliza kwa sababu nimeona mara nyingi watu wakimnyooshea jirani kidole kumbe chemba yao wenyewe iko hatua nane kutoka kisimani. Mpaka wa kiwanja unaishia kwenye ukuta, ila maji ya chini hayajui ukuta.

Kuna maneno nayasikia mitaani yakisemwa kwa fahari: "Karo langu lina miaka kumi halijawahi kujaa." Ndugu zangu, familia ya watu sita inaingiza maji taka kila siku kwa miaka kumi, na shimo halijai. Yanakwenda wapi? Mafundi wetu wengi hujenga karo bila sakafu, tofali zikiachiwa matundu ili maji yanywee ardhini. Kwenye shamba la eka tano hilo halina neno. Kwenye mtaa uliobanana, ule uchafu unakwenda kwenye kisima cha mtu. Na masika, maji ya chini yanapopanda, ile mita moja na nusu ya udongo mkavu inatoweka, karo na kisima vinakuwa kama vyungu viwili ndani ya beseni moja. Ndiyo maana harufu inakuja na mvua.

Kwa hiyo usiende kwa jirani peke yako na hasira. Mwombe mjumbe aite nyumba kumi zinazokuzunguka, mkae na karatasi moja, mchore kila kisima na kila karo, na mshale kuonyesha mteremko. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo. Walioingia wakilaumiana walitoka kimya, kwa kuwa kila mmoja alijiona kwenye ramani. Kisha jirani yako aombwe afanye linalowezekana: karo lipigwe sakafu na plasta, na maji yake yanayozama ardhini yapelekwe upande wa chini ya mteremko, mbali na kisima. Nawe jenga kisima chako vizuri: mita tatu za juu ziwe za makalvati ya zege yaliyozibwa maungio, mdomo uinuke juu ya ardhi, uwe na mfuniko, na kuzunguka mdomo pawe na sakafu inayoteremsha maji mbali. Usimwage klorini kisimani ukadhani umemaliza kazi. Ukiua vijidudu leo, kesho karo linaleta wengine.

Na wale wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha, wakifungua chemba usiku maji yabebe, wanajua wanachofanya. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 tunakikumbuka sote. Kwenye hilo ndipo ninapotaka mseme kwa sauti, hata mbele ya serikali ya mtaa.

Tunachemsha maji yote ya kisima. Nina mtoto wa miezi miwili anayetumia maziwa ya kopo. Inatosha? (Dada, Kitunda)

Kwa vijidudu, ndiyo. Kwa naitreti, hapana. Naitreti hutokana na mkojo na kinyesi vinavyooza ardhini, haina rangi wala harufu, na moto hauiondoi. Ukichemsha sana maji yanapungua, yenyewe inabaki, kwa hiyo inazidi kukolea. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Zaidi ya hapo mtoto wa chini ya miezi sita anayelishwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji hayo anaweza kuishiwa oksijeni kwenye damu, midomo ikawa ya bluu. Mpaka upime, maziwa ya mtoto yakoroge kwa maji ya chupa, au ya bomba uliyoyachemsha. Akionyesha weusi au ubluu mdomoni au kwenye kucha, ni hospitali papo hapo. Anayenyonyesha asiogope.

Nimeishi Kigamboni miaka 30. Kisima changu kimeanza kuwa na chumvi. Jirani ana kisima kirefu, maboza yanapanga foleni kwake mchana na usiku. Fundi ananiambia nichimbe chini zaidi. (Mzee)

Shikamoo Mzee wangu. Usichimbe chini zaidi. Hilo nalisema kwanza kwa sababu fundi wako atakula pesa yako na chumvi itazidi.

Kwenye ardhi iliyo karibu na bahari, maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi yaliyojipenyeza chini kwa chini, kama mafuta juu ya mchuzi. Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani walilipigia hesabu jambo hili zaidi ya miaka 120 iliyopita: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Inafurahisha ukiisoma upande mmoja. Igeuze sasa. Pampu ikishusha maji kwa mita moja, chumvi ikipewa muda inapanda kwa kama mita 40. Pampu kubwa isiyopumzika inaivuta juu mithili ya mrija, na ikishapanda haishuki kwa msimu mmoja wa mvua.

Usikubali pia kuambiwa "mbona Kimbiji serikali imechimba virefu". Vile vinachota tabaka la chini sana ambalo limefanyiwa uchunguzi, hakuna ulinganisho na visima vyetu vya mtaani.

Kwa upande wako, inua pampu yako juu kidogo ikiwa maji yanaruhusu, tumia pampu ndogo, vuta kidogo kidogo, acha kisima kipumzike. Nunua au azimeni mtaa mzima kile kifaa kidogo cha kupimia uchumvi, kinachotumbukizwa kwenye kikombe, uandike namba kila Jumamosi. Utahitaji daftari hilo. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, maji ni mali ya umma hata yakiwa chini ya kiwanja cha mtu, na anayeyavuta kwa biashara anatakiwa awe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Kwenu ni Bonde la Wami/Ruvu. Nendeni mkiwa wengi, na daftari mkononi, muulize kibali cha jirani kinamruhusu lita ngapi kwa siku. Bodi ndiyo yenye mamlaka ya kumpunguzia.

Kampuni imenunua shamba juu ya mlima wetu, watajenga nyumba 40. Sisi tulio bondeni tunategemea visima. Tufanye nini kabla tingatinga halijafika? (Wakazi, Madale)

Nimelifurahia sana neno lenu "kabla". Wengi huja baada.

Fanyeni hesabu. Nyumba 40, tuseme watu watano kila moja, lita 80 kwa mtu: ni lita 16,000 za maji taka kila siku, juu yenu. Swali la kwanza kwa kampuni ni hilo: zitakwenda wapi? Kama jibu ni makaro 40, ombeni wajenge mfumo mmoja wa kusafisha maji taka kwa nyumba zote, upande usioelekea visima. Ni rahisi kuusimamia mmoja kuliko arobaini. Miradi mikubwa ya makazi hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na wananchi wanaoathirika wana haki ya kusikilizwa. Msiishie kusaini karatasi ya mahudhurio. Semeni, na mhakikishe mlichosema kimeandikwa.

Lakini nyenzo yenu kubwa ni ushahidi wa jinsi visima vilivyo leo. Baada ya mwaka mmoja mtasema "maji yalikuwa safi" na wao watasema "thibitisheni". Chagueni visima vitatu au vinne, vya juu na vya chini. Pelekeni sampuli maabara ya maji ya Wizara. Chupa mchukue huko huko maabara, msijaze kwenye chupa ya soda, na irudishwe ikiwa kwenye baridi ndani ya saa sita. Pimeni vijidudu vya kinyesi, ambavyo kwa maji ya kunywa vinatakiwa viwe sifuri kwenye mililita 100, pimeni naitreti, pimeni uchumvi. Kisha kila mwezi, alfajiri kabla mtu hajavuta maji, teremsheni kamba yenye uzito mpime maji yako mita ngapi kutoka mdomoni. Tarehe, kipimo, sahihi za watu wawili. Masika mara moja na kiangazi mara moja mrudie maabara.

Ulizeni na mwisho hili: mvua itakwenda wapi? Shamba lile linaponyeshewa, maji yanazama na kuwafikia ninyi chini. Likishafunikwa kwa mabati na vitofali vya uwanjani, maji yataporomoka kwenye mtaro, yatawachimbia barabara, na visima vyenu vitakosa chakula chake. Waombeni waache maeneo ya wazi yenye miti na mashimo ya kuzamishia maji ya mvua, ya mvua peke yake, yasichanganywe na ya chooni.

Kisima changu kimekauka. Fundi ananishauri nikigeuze karo kuokoa gharama. (Kaka, Mbagala)

Hapana, kaka. Utakuwa umewatengenezea majirani wote bomba la kinyesi linaloshuka moja kwa moja kwenye maji yao. Wala usikijaze takataka. Kijaze mchanga na kokoto safi, mita za juu ushindilie udongo wa mfinyanzi, umalizie na zege. Na yeyote asiteremke humo na jenereta au pampu ya petroli. Moshi wake una hewa ya sumu isiyonuka inayoua ndani ya dakika chache, na anayeshuka kumwokoa mwenzake hufa naye.

Tuko Ukunda, pwani ya Kenya, ardhi ni mawe ya matumbawe. Hizo mita 30 zinatosha? (Msomaji)

Sizitegemei hapo kwenu. Mchanga huchuja, matumbawe yana mianya na mapango, maji yanapita mbio. Wajerumani hawahesabu mita, wanahesabu muda: eneo la ndani la kulinda chanzo cha maji ni lile ambalo maji huchukua siku 50 kulivuka, ili vijidudu vife njiani. Kwenye mwamba wenye mianya, siku 50 zinaweza kuwa mamia ya mita. Tieni dawa maji ya kunywa mwaka mzima, na mtumie mapaa yenu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 20 ni karibu lita 2,000 tangini.

Tumekubaliana nyumba saba tuchimbe kisima kimoja mbali na makaro yetu yote, tuache vile vya uani. Tunagombania umeme wa pampu na nani aweke ufunguo. (Toangoma)

Ninyi mmeshavuka pagumu. Pampu iwe na mita yake ya umeme, kila ndoo ilipiwe kidogo, na sehemu ya pesa hiyo iwekwe akiba kwa sababu pampu itaungua siku moja. Ufunguo wakae nao watu wawili, mmoja wao awe mama, maana akina mama ndio wanaojua kisima kimefungwa saa ngapi. Lakini kabla ya yote hayo, muulizeni mwenye kiwanja mnachotaka kuchimba: akiuza, itakuwaje? Andikeni mkataba unaotaja kipande hicho kwa vipimo na njia ya kukifikia, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mwanasheria, watoto wake wakubwa wakiwa mashahidi. Mkishasaini, piteni viwanja vyote saba na futi kamba, mpigilie vigingi pale ambapo karo jipya halitachimbwa.