Nina masters tayari, mbona naambiwa nianze na mwaka wa mbinu za utafiti?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi nipo Morogoro, nina masters ya maendeleo vijijini, ile ya kozi na disateshen fupi mwishoni. Niliomba PhD chuo kimoja Uingereza, profesa kajibu mada yangu ya jumuiya za watumia maji kaipenda, ila nianze na mwaka mmoja wa MRes, yani masters ya utafiti, ndo niingie PhD. Si ananipotezea muda na hela tu? Au ndo wanatudharau sisi tuliosoma huku?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Dharau sidhani, maana hata Waingereza wenyewe wanapitishwa humo humo. ESRC, baraza lao linalofadhili utafiti wa sayansi ya jamii, kwa miaka mingi lilikuwa linalipia kwa mtindo wa moja jumlisha tatu, yani mwaka wa mbinu za utafiti halafu mitatu ya PhD, aliyekuwa na mafunzo hayo tayari ndo alienda moja kwa moja kwenye ile mitatu. Na PhD yao sio kama ya Marekani ambako unakaa darasani kwanza mwaka au miwili na mitihani juu, kule unatakiwa uanze na utafiti wako karibu tangu mwanzo, kwa hiyo profesa anataka kujua kama mbinu unazo.

Sasa fungua disateshen yako sura ya tatu, ile ya mbinu, uangalie mwenyewe bila kumwonyesha mtu. Sampuli uliipataje? Kama ni wale wenzetu wa fomula ya Yamane, ile ya kukokotoa uhoji wangapi, uliweka kaya 20,000, kosa asilimia 5, ikatoka 392, halafu ukaenda kijijini ukahoji uliowakuta. Ile fomula inadai watu wachaguliwe kwa bahati nasibu, na wewe umehoji waliokuwepo nyumbani saa nne asubuhi, walioko shamba hawamo, basi hiyo 392 ni pambo la ripoti. Na dodoso je? Utakuta swali kama "Unaridhika na bei na huduma ya maji?", mama anasema ndiyo, unaweka tiki, sasa hiyo ndiyo ni ya bei au ya huduma? SPSS, ile programu ya kuchambua takwimu, haikuulizi, yenyewe itakutolea jedwali safi kabisa. Ukikuta hayo kwako, huo mwaka unakuhusu.

Ila kwenye hela ndo pana maneno. Ada ya mgeni kule ni kubwa, na mimi simshauri mtu auze kiwanja kwa ajili ya MRes. Muulize kwa maandishi kama ukifaulu nafasi ya PhD ni yako au unaomba upya na wengine, na kama kuna ufadhili unaobeba vyote viwili. Kama una familia cheki na viza, tangu Januari 2024 wanaosoma masters ya darasani hawaruhusiwi kwenda na mwenza wala watoto, mpaka kozi iwe ya utafiti kweli, sehemu ya utafiti iwe kubwa kuliko ya darasani, na MRes sio zote ziko hivyo.

Ukienda, usipange kurudi Morogoro kukusanya data ya MRes, mwaka ni mfupi na vibali vya huku unavijua. Tumia data ya NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ya Utafiti wa Kaya Fuatilizi (National Panel Survey), unaorudi kwa kaya zile zile, ipo tangu 2008/09, inapakuliwa bure kwenye tovuti ya Benki ya Dunia na maswali ya chanzo cha maji yamo, ujifunzie takwimu humo.

Ufadhili ukikosekana mwombe uingie PhD moja kwa moja na uahidi kukaa kwenye madarasa ya mbinu mwaka wa kwanza, vyuo vingi vinaruhusu. Barua iwe fupi, ambatanisha sura ya tatu ukiwa umeiandika upya, hiyo atasoma.