Uliza Ujibiwe: Tembo wa Tabora asiyeyushwe

Barua tatu za toleo hili zinahusu sarafu za dhahabu na za fedha zenye picha za wanyama. Zimetoka Tabora mjini, Urambo na Ujiji.

Mhariri, shikamoo. Marehemu bibi yetu, aliyeishi Ng'ambo hapa Tabora, ametuachia kidani chenye sarafu ya dhahabu. Upande mmoja kuna tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima, pamoja na maneno Deutsch Ostafrika, mwaka 1916 na herufi T. Upande wa pili kuna tai na maneno 15 Rupien. Sonara yuko tayari kuinunua kwa uzito ili aiyeyushe, na ndugu zangu wanataka tuiuze tugawane. Tufanye nini? — Mjukuu, Tabora

Marahaba, mjukuu, na poleni kwa msiba. Kabla ya neno lingine lolote nawasihi msiiache sarafu hiyo iingie motoni, kwa maana herufi T uliyoiona ni ya Tabora, mji wenu wenyewe.

Katikati ya Vita Kuu ya Kwanza nchi hii ilikuwa koloni la Ujerumani, ndiyo hiyo Deutsch Ostafrika ya kwenye sarafu; manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani na sarafu hazikuweza tena kuletwa kutoka Ujerumani. Wajerumani wakaamua kuzigonga hapo hapo mjini, katika karakana ya reli, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke, eneo ambalo leo limo katika Mkoa wa Singida. Zilitoka sarafu za tembo zipatazo 16,000 tu, na Septemba ya mwaka huohuo wa 1916 mji ukatekwa na majeshi ya Wabelgiji.

Sarafu halisi ina uzito wa gramu 7.2 hivi, na robo tatu yake ni dhahabu, yaani karati 18. Kwa hiyo sonara, hata akiwa mwaminifu kabisa, atawalipa dhahabu ya gramu 5.4 basi, ilhali wakusanyaji wa sarafu za kale hulipa zaidi ya hapo kwa sababu ya uchache wake na kwa sababu ya historia niliyoieleza. Ikiwa imetobolewa au imechomelewa kitanzi, bei hupungua, lakini kwa kawaida haishuki hadi ile ya kuyeyusha.

Msiisugue kwa majivu wala kwa dawa ya meno. Ule weusi uliojificha kwenye mikunjo ya ngozi ya tembo ni sehemu ya umri wake, na mkwaruzo mmoja haufutiki tena. Ipigeni picha pande zote mbili, mpime uzito wake, kisha muulize bei kwa wafanyabiashara wa sarafu za kale zaidi ya mmoja, kwa kuwa bandia zake zipo na macho ya mtu mmoja hayatoshi. Mkishapata bei ya haki, kuuza na kugawana si kosa. Mimi binafsi ningetamani ibaki katika ukoo, lakini hilo ni lenu kuamua.

Nimemaliza kuuza tumbaku. Mpwa wangu anayefanya kazi Muscat ameniletea sarafu ya fedha yenye tembo, iliyoandikwa Somali Republic na 100 Shillings. Inakuwaje shilingi mia inunuliwe kwa bei kubwa hivyo? Na je, akiba yangu yote niitie humo? — Mkulima, Urambo

Hiyo mia ni ya kuipa sarafu hadhi ya kisheria tu. Inayo jina la Somalia, lakini hugongwa Bavaria, Ujerumani, na bei yake hufuata aunsi moja ya fedha iliyomo, ambayo ni gramu 31.1. Sarafu za namna hii, zinazouzwa kwa bei ya madini yake, Afrika Kusini ndiyo iliyozianza kwa sarafu ya dhahabu iitwayo Krugerrand, yenye picha ya swala, mwaka 1967, wala yenyewe haina hata hiyo thamani ya kuandikwa. China ikafuata mwaka 1982 na sarafu za panda, yule dubu mweusi na mweupe. Panda na tembo wa Somalia hubadilishiwa picha karibu kila mwaka, ndiyo maana baadhi ya miaka hutafutwa kuliko mingine.

Ukitaka kuihakiki, azima mizani ndogo ya sonara. Weka juu yake glasi ya maji, irudishe kwenye sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi mwembamba hadi izame yote bila kugusa kitako cha glasi. Mizani isome takriban gramu 3, kwa sababu fedha ina uzito wa mara kumi na nusu ya maji. Ikisoma 3.5, umeletewa shaba iliyopakwa.

Kuhusu akiba yote, jibu langu ni hapana. Muuzaji huongeza faida yake juu ya bei ya madini, na siku utakapohitaji pesa za mbolea msimu ukianza, hutampata Urambo mtu wa kukulipa bei uliyonunulia. Moja au mbili za kuwaachia watoto zinatosha.

Nina shilingi ya 1924 yenye simba, na shilingi mia tano nyingi zenye nyati. Zipi ni za fedha? — Mvuvi, Ujiji

Ya simba, kwa robo yake tu. Robo tatu zilizobaki ni metali za kawaida. Ya nyati ni chuma kilichopakwa nikeli, na sumaku huinasa mara moja.

Tanzania iliwahi kutoa sarafu za fedha zenye wanyama mwaka 1974 kwa ajili ya uhifadhi: twiga kwenye shilingi 25 na faru kwenye shilingi 50, pamoja na duma wa dhahabu wa shilingi 1,500. Faru huyo asichanganywe na faru mwenye mtoto wa shilingi 50 ya mwaka 1996, ile yenye pande saba, ambayo haina fedha ndani yake.